Nasaba ya Ajabu

Fasihi ya ajabu katika Kiswahili ni kongwe; uhakiki wake ndio mchanga. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alichapisha London ngano alizosimuliwa Unguja, zenye majini na wanyama wasemao. Shabaha yake kubwa ilikuwa lugha. Ajabu yenyewe haikuulizwa swali.

Ikaja Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), nchi inayoelea hewani, ambayo wajumbe wake sita walitumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Wahakiki wengi wakaifasiri mara moja: nchi hiyo ni Tanganyika iliyotawaliwa, na mashtaka ya Karama ni dhuluma ya mkoloni. Hawakukosea. Lakini afumbuaye fumbo huelekea kutupa ganda, na hapa ganda ni nchi nzima.

Tutazame Adili na Nduguze (1952), ambayo asili yake ni kisa cha Alfu Lela u Lela. Katika kisa cha Kiarabu ndugu wawili waovu hugeuzwa mbwa. Kwa Shaaban huwa manyani. Badiliko hilo si dogo. Nyani ana mikono na uso unaokaribia wetu, hivyo kiboko kinachompiga humuuma na msomaji. Hapo ndipo uhakiki wa ajabu ungelianzia.

Miaka ya 1990 ajabu ilirejea kwa kishindo: Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, kisha Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo chombo cha angani humfikisha shujaa katika nchi ya usawa, na jina lake likifumuliwa husomeka kuwa wale ni sisi. Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed akatoa Babu Alipofufuka. Naye huyo huyo, kwa jina la Said A. M. Khamis, akaandika mwaka 2005 makala juu ya dalili mpya za riwaya ya Kiswahili.

Wahakiki waliazima istilahi ya Amerika ya Kusini: uhalisia wa mazingaombwe. Kuazima si aibu. Lugha yetu imeishi kwa kuazima. Hatari ni kuazima na nasaba. Tukikubali hivyo, babu aliyefufuka atakuwa mjukuu wa Macondo ya García Márquez, na bibi zetu waliosimulia mizimu usiku watabaki bila kizazi. Mhakiki ajaye na aanzie kwao, ndipo avuke bahari.