Kasi ya Mtandao wa USB Katika Bodi za Linux

USB ilipozinduliwa mwaka 1996, kazi yake ilikuwa kuunganisha kibodi, kipanya na printa, na upeo wake ulikuwa megabiti 12 kwa sekunde. Miaka michache baadaye zikaja kompyuta za mkononi zinazoendeshwa na Linux, kama Zaurus SL-5500 ya Sharp, ambazo hazikuwa na tundu la Ethaneti. Waya wa USB ukageuzwa kuwa mtandao: programu ilifanya kila upande uone kadi ya mtandao mahali palipokuwa na waya tu.

Aliyeliweka jambo hilo katika utaratibu ni David Brownell, aliyefariki mwaka 2011. Aliandika mfumo unaoiwezesha Linux kuwa kifaa badala ya mwenyeji, pamoja na draiva ya g_ether inayoiga kadi ya mtandao. Ni kazi ambayo haijapewa sifa inayostahili. Kwa msingi huo, bodi ndogo ya BeagleBone Black ilipotoka mwaka 2013, mtu alichomeka waya mmoja tu, bodi ikapata umeme na kuitika kwenye anwani 192.168.7.2.

Hapo ndipo swali la kasi lilipopata uzito. Kuhamisha faili kubwa kwa amri ya scp huku saa ikiangaliwa ni kipimo kinachopotosha, kwa sababu kadi ya SD na usimbaji fiche huingia ndani yake. Iperf, programu ya kupima kasi ya mtandao, hutengeneza data kwenye kumbukumbu na kuituma bila kugusa diski. Bodi huendesha `iperf3 -s`, nayo kompyuta huendesha `iperf3 -c 192.168.7.2`, kisha amri hiyo hiyo hurudiwa kwa kuongeza `-R` ili data itoke upande wa pili. Mara nyingi majibu ya pande hizo mbili hayalingani.

USB 2.0 ya mwaka 2000 ilitangazwa kwa megabiti 480. Hata hivyo, kila sehemu ya nane ya milisekunde hubeba pakiti zisizozidi 13 za baiti 512, yaani takriban megabiti 426 kwa sekunde, kabla ya kutoa vichwa vya Ethaneti na IP. Bodi nyingi hazikufika hata karibu na hapo. Itifaki ya ECM hupeleka kila fremu ya Ethaneti peke yake, na kila fremu huikatiza prosesa. Anayepima akifungua `top`, programu inayoonyesha mzigo wa prosesa, wakati huo huikuta prosesa ndogo imeelemewa ilhali waya una nafasi. Itifaki ya NCM iliyokuja baadaye ilipunguza mzigo huo kwa kufunga fremu nyingi katika fungu moja.

USB 3.0 ilileta gigabiti 5 mwaka 2008, lakini upande wa kifaa ulichelewa. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ina matundu mawili ya USB 3.0, na yote ni ya mwenyeji. Tundu lake la USB-C, linaloweza kuifanya bodi kuwa kifaa, ni la USB 2.0, na kikomo chake ni kile kile cha mwaka 2000.