Kwenda "Peke Yake"

Mwaka 1879, Tukuyu ikiwa bado si mji, Mskoti Joseph Thomson alipita katika nchi yetu ya Wanyakyusa. Husemwa kwamba alikuwa peke yake. Tuulizane: peke yake kwa namna gani?

Kiongozi wa msafara ule, Keith Johnston, alifia Behobeho mwezi Juni mwaka huo huo. Thomson alikuwa na miaka 21 tu, umri ambao vijana wetu wengi hawajaachiwa hata shamba. Angeweza kurudi pwani, wala hakuna ambaye angemlaumu. Akaendelea mbele, kuelekea Ziwa Nyasa. Ningekuwa mzazi wake, ningeuita uamuzi ule wazimu.

Lakini msafara ulikuwa na watu zaidi ya 100, na aliyewasimamia ni Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 angali mtoto. Huyu alifuatana na Livingstone miaka mingi, kisha yeye, Susi na wenzao wakaufikisha mwili wa bwana wao Bagamoyo mwaka 1874. Alijua kugawa mizigo, kusema na machifu, kuwatuliza wenye hofu. Kijana akakubali kumsikiliza. Hapo ndipo mimi huuona ujasiri wake, si katika kupanda milima. (Mvua ya huku haimjali shujaa.) Asingesikiliza, ningebaki na neno langu la kwanza.

Julai 1880 msafara ulikuwa umerudi pwani. Thomson alipokwenda Umasaini mwaka 1883, Chuma hakuwapo tena. Alikwisha kufariki Unguja mwaka 1882.