Mmea uliotajirisha mji mzima, leo umebaki kwenye sarafu tu

Unaambiwa zamani kabla ya Kristo, mji wa Kirene, Libya ya leo, kule alikotoka Simoni aliyebeba msalaba, ulipiga hela ndefu kwa mmea mmoja wa porini: silfio. Ulikuwa kiungo, ulikuwa dawa, na utomvu wake uliuzwa bei mbaya.

Ndo maana wakauchora kwenye sarafu zao za fedha: shina nene, majani mawili mawili, maua juu kama mwamvuli. Yaani, utajiri wetu huu hapa.

Shida, haukukubali kulimwa. Watu wakavuna, mifugo ikala, ukaisha. Inasimuliwa shina moja la mwisho lilipelekwa kwa kaisari wa Roma.

Mpaka leo wataalamu wanabishana ulikuwa mmea gani, na wanachokikodolea macho ni sarafu zilezile.