Walioteremka Same

Shuleni tulifundishwa kwamba safari ya Uhuru wa Tanganyika ilianza tarehe 7 Julai 1954, siku TANU ilipozaliwa. Sibishani na tarehe hiyo. Lakini kila nipitapo Same, katika joto lile chini ya milima, huwakumbuka watu walioketi pale Januari 1945.

Walikuwa maelfu. Machifu wa Upare, kwa kibali cha serikali ya Mwingereza, walikuwa wameanzisha kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, wakaiita mbiru, jina la ushuru ambao mababu waliwapa watawala wao. Watu hawakudanganyika na jina. Hawakuwa wakwepa kodi. Walichokataa ni kukadiriwa kwa utaratibu ambao hawakuulizwa. Wakateremka kwa miguu hadi makao ya wilaya, wakaketi. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakajitokeza kuwakabili watawala. Mwaka 1947 mbiru ikafutwa.

Tunapotaja kutangaza uhuru, wengi hukumbuka Philadelphia, Julai 1776. Wajumbe wa makoloni 13, wakiudhika kutozwa kodi na bunge wasilokuwa na mjumbe ndani yake, walitangaza usawa wa binadamu na kwamba serikali halali hutokana na ridhaa ya watawaliwa. Ni maneno mazito. Lakini wengi wao walimiliki watumwa, na hapakuwa na mwanamke hata mmoja miongoni mwao.

Wapare hawakuandika tamko. Hata hivyo hoja yao ilikuwa ileile, na kwa upande mmoja ilikwenda mbali zaidi: aliyewatoza alikuwa chifu wao, wa damu yao, na bado walimwuliza kwa nini hawakushirikishwa.

Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York kuitetea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 machifu wakavuliwa madaraka. Mgeni ameondoka, na chifu ameondoka. Swali la Same halikuondoka nao. Mtawala akiwa ndugu yetu, tunamwuliza kwa ujasiri uleule, au tunanyamaza kwa kuwa ni wa kwetu? Wazee wale hawakunyamaza.