Kutoka Kutu hadi Chawa: Safari ya Simo Moja

Neno cootie, ambalo askari wa Uingereza walimwitia chawa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza (1914–1918), huchukuliwa na watunzi wengi wa kamusi kuwa limetokana na neno la Kimalei, kutu. Ukoo wa neno hilo ni mpana ajabu: Wamaori nao husema kutu, Watagalogi kuto, na Wahawaii 'uku, maana ikiwa ile ile. Lakini historia ya neno haimaliziki kwa kutaja lilikotoka. Linalotushughulisha hapa ni jinsi mzaha ulivyomwacha mdudu ukamshika binadamu.

Katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, cootie alikuwa chawa hasa, mwenye miguu sita. Alijificha katika mishono ya nguo, na askari walipitisha mwali wa mshumaa kandokando ya mishono hiyo ili kumchoma pamoja na mayai yake. Madhara yake hayakuwa mwasho tu, kwani mwaka 1918 ilithibitishwa kwamba ndiye aliyeeneza homa ya mahandakini. Adui wa namna hiyo kupewa jina la utani, tena lenye mlio wa kitoto, si ajabu. Afisa alikuwa naye, askari wa kawaida alikuwa naye. Hapakuwa na wa kumcheka mwenzake.

Mambo yalibadilika simo hiyo ilipoingia katika shule za Marekani. Huko cootie alipoteza miguu, akawa uchafu usioonekana ambao mtoto humwambukiza mwenzake kwa kumgusa tu. Mwaka 1949 jina hilo liliuzwa madukani kama mchezo wa kuunda mdudu wa plastiki, jambo la kuchekesha. Lisilochekesha ni lile alilolionyesha Barrie Thorne katika utafiti aliouchapisha 1993: viwanjani, wasichana ndio waliosingiziwa zaidi kuwa chimbuko la uchafu huo. Mzaha uliowaunganisha wenye chawa sasa uliwatenga wasio nao.

Kiswahili nacho kimemhamisha mdudu huyu. Katika methali yetu, kidole kimoja hakivunji chawa, yeye bado ni mdudu. Lakini Tanzania, katika miaka ya karibuni, chawa ni mtu anayejishikiza kwa tajiri au mkubwa, akimsifu ili apate chochote. Na kazi yake ni uchawa. Itakumbukwa kwamba enzi za Azimio la Arusha la 1967 mnyonyaji aliitwa kupe. Kupe lilikuwa shutuma la wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Chawa, kinyume chake, ni mnyonge mwenyewe, naye (hili ndilo geni) mara nyingine hujiita hivyo kwa fahari. Kamusi inayomfasiri kuwa mdudu wa nywele na nguo basi, inamwacha nje huyu anayetajwa sana magazetini.