Hesabu ya Ubaridi: Historia ya Kipimo cha Ufanisi wa Viyoyozi

Kwa miongo kadhaa viyoyozi vya nyumbani viliuzwa Marekani bila mnunuzi kuwa na njia rahisi ya kulinganisha umeme unaoliwa na kimoja na ule unaoliwa na kingine, kwa kuwa umeme ulikuwa wa bei nafuu na muuzaji alitangaza nguvu ya kupoza peke yake. Nguvu hiyo ilitajwa kwa BTU kwa saa, au kwa tani, kipimo kilichorithiwa kutoka biashara ya barafu: tani moja ya kupoza ni joto linaloweza kuyeyusha tani ya Kimarekani ya barafu, yaani ratili 2,000, kwa muda wa saa 24, nalo ni sawa na BTU 12,000 kwa saa. Fundi wa Mombasa au Kariakoo anayezungumzia kiyoyozi cha "elfu kumi na mbili" bado anatumia hesabu hiyo ya barafu.

Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ndio uliofanya matumizi ya umeme yawe suala la serikali. Sheria ya nishati ya mwaka 1975 iliagiza vifaa vya nyumbani vipimwe na kubandikwa lebo, na kwa viyoyozi kipimo kilikuwa EER, ambacho hupatikana kwa kugawanya BTU zinazoondolewa kwa saa kwa wati za umeme zinazotumika, hivi kwamba kifaa cha BTU 12,000 kinachokula wati 1,200 hupata EER ya 10. Joto hilo likielezwa kwa wati ni takriban 3,500, karibu mara tatu ya umeme ulioingia, na hapa hakuna muujiza wowote, kwa sababu kompresa haitengenezi ubaridi bali hulihamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Pampu ya joto ni mashine ya aina hiyohiyo yenye vali ya kugeuza mkondo wa gesi, ili wakati wa baridi joto lihamishwe kutoka nje kuingia ndani.

Hata hivyo, EER ilipimwa katika hali moja tu, joto la nje likiwa nyuzi 35 za Selsiasi, ilhali nyumbani joto hupanda na kushuka, na kompresa inayowaka na kuzima mara kwa mara hupoteza umeme kila inapoanza upya. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1970 kiliundwa kipimo cha msimu mzima, SEER. Rais Reagan aliikataa sheria ya viwango vya chini mwaka 1986, kisha akaisaini mwaka 1987, na kuanzia mwaka 1992 viyoyozi vikuu vya nyumba vya aina ya spliti vilitakiwa kufikia SEER 10. Serikali ya Clinton ilipokuwa ikiondoka madarakani Januari 2001 ilipandisha kiwango hadi 13, iliyofuata ikajaribu kukishusha hadi 12, na mahakama ya rufaa ikaamua mwaka 2004 kwamba 13 ibaki. Nyongeza hiyo ya kutoka 10 hadi 13 haikuwa ndogo hata kidogo: kwa kazi ileile ya kupoza, kifaa cha SEER 13 hutumia umeme pungufu kwa karibu asilimia 23 kuliko cha SEER 10.

Japani ilishika njia tofauti, na pengine ya busara zaidi, kwani kuanzia mwaka 1999 mpango wake wa Top Runner ulifanya bidhaa bora iliyokwisha kuwapo sokoni iwe shabaha ya watengenezaji wote. Inverta, inayobadilisha mwendo wa kompresa badala ya kuizima, ilikuwa imeingia katika viyoyozi vya nchi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Lakini kipimo cha msimu hubeba hali ya hewa ya nchi iliyokitunga. SEER ya Marekani huegemea sana joto la nje la takriban nyuzi 28, ambalo mchana wa Kaskazi katika pwani ya Afrika Mashariki hulipita kwa urahisi. India ilitunga ISEER, inayohesabu joto la nyuzi 24 hadi 43, ikawa ya lazima mwaka 2018. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2016, iliweka lebo ya nyota kwa viyoyozi, na mnunuzi wa pwani anayekuta kifaa chenye SEER ya nje hufanya vyema kuulizia pia EER yake ya nyuzi 35.