Jina lako, dungu lako: somo la domeni kutoka Rufiji

Wandugu, kimya changu kina sababu. Nilikuwa Kibiti na Nyamisati kwa kazi ya gazeti, na niliporudi nikaamua kufanya jambo nililolikwepa muda mrefu: kununua jina la tovuti yangu mwenyewe. Katika kuulizia nimekuta historia ndefu, na kipande chake kinapita Kibiti. Basi leo tuzungumze hilo.

Kwanza tuelewane. Domeni ni jina. Mahali faili zako zinapolala, yaani seva unayoilipia, ni jambo jingine kabisa. Wengi tunachanganya, lakini Mrufiji hawezi kuchanganya. Mwaka 1968 yalikuja mafuriko makubwa, na Operesheni Rufiji ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya juu. Mashamba ya mpunga yakabaki kule kule bondeni. Kwa hiyo msimu ukifika babu yangu alishuka, akalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, akilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Maji yakilichukua dungu, anajenga jingine. Jina lake halikuchukuliwa na maji hata siku moja.

Sasa historia yenyewe. Jina la kwanza la .com lilisajiliwa Machi 1985. Sisi .tz yetu ilianza 1995. Mwaka 2006 TCRA na chama cha watoa huduma za intaneti wakaunda tzNIC, na mwaka 2010 ICANN ikaridhia tzNIC ikabidhiwe rasmi usimamizi wa .tz. Miaka hiyo hiyo bloga zetu nyingi za kwanza zilikuwa zimepanga Blogspot, kama Michuzi na picha zake. Kulikuwa bure, na seva zilikuwa ng'ambo. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuwashwa Julai 2009, njia kuu ya kutoka nje ilikuwa setilaiti, ghali na ya kusuasua.

Lakini cha bure kina mwenyewe. Oktoba 2009 Yahoo walifunga GeoCities, na kurasa za mamilioni ya watu zikazimwa. Mpangaji hana hati.

Je, ukiwa na hati umemaliza? La. Desemba 2016 Maxence Melo wa Jamii Forums alifikishwa mahakamani Dar es Salaam. Moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha tovuti ambayo haikusajiliwa kwa .tz, chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Jamii Forums ilikuwa .com. Tazama basi: herufi mbili za mwisho wa jina zilimfikisha mtu kizimbani. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, bloga akatakiwa leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, na Juni mwaka huo Jamii Forums ikalazimika kujizima kwa muda.

Ndiyo maana nasema jina la .tz liko chini ya sheria za hapa, na .com iko chini ya sheria za kwingine, ila mwenye tovuti akiishi hapa anashikika hapa hapa. Kuchagua domeni ni kuchagua nani ana uwezo wa kukufungia mlango.

Na Kibiti? Kila nikipita pale namkumbuka Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeiandikia Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti. Alitoweka tarehe 21 Novemba 2017, na hajaonekana mpaka leo. Domeni isingemwokoa, sitaki kudanganya mtu. Ila nimekuwa nikijiuliza: sisi waandishi wa mikoani, tusio na meza ofisini, kazi zetu zinahifadhiwa na nani? Mimi nilifungua viungo vya habari zangu tano za zamani, vitatu havikufunguka. Anuani zimebadilika.

Chuoni nilishaumwa na nyoka huyu. Gazeti letu la wanafunzi lilikuwa na tovuti, fundi akasajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe. Akabadili namba ya simu. Muda wa kulipia ukapita, jina likakatika, na miaka miwili ya makala ikaenda nalo, maana hakuna aliyekuwa na nakala.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Jina nalisajili kwa .tz, kwa jina langu na barua pepe yangu, na tarehe ya kulipia nimeiandika ukutani. Seva naikodi kwa kampuni nyingine, ili wakinichosha nihamishe faili na jina libaki langu. Na kila mwisho wa mwezi nakala ya kila kitu inaingia kwenye flashi, flashi inakwenda Kibiti kwa mama, kwenye kopo la sukari juu ya kabati.

Mama aliniuliza hicho ni nini. Nikamwambia ni mpunga, mama, nimeuvuna tayari. Akacheka, akasema basi usiuache bondeni.